Nyuzi Tisini

Katika ramani niliyoichora mwaka 2019, pwani yote kuanzia Msimbati hadi Mocímboa da Praia inabanwa kutoka mashariki na magharibi. Si kweli. Kompyuta haikukosea, wala aliyenipa data hakukosea. Nilikosea mimi, na nimelificha kosa hilo kwa muda ambao hauna udhuru.

Mimi ni mtu wa Kionga, kile kipande cha kusini mwa mdomo wa Ruvuma ambacho Mjerumani alikishikilia hadi 1916, Mreno akakitwaa, na mkataba wa Versailles ukamwachia. Kwetu mpaka ni habari ya wakubwa. Sisi tuna mashangazi ng'ambo zote mbili. Nilisomea Mtwara, nikajifunza jiolojia, na ofisi moja iliponiajiri kuchora ramani ya msongo wa ardhi ya pwani yetu, niliona nimerudishwa nyumbani kwa heshima.

Msongo ni ile nguvu iliyojificha ndani ya mwamba kabla haujapasuka. Kabla ya tetemeko upo, na baada ya tetemeko unabaki, umepungua tu. Kwetu una kisa chake. Afrika inachanika, na kati ya bamba kubwa la Nubia na lile la Somalia kuna bamba dogo ambalo wataalamu wameliita Rovuma, kwa jina la mto wetu. Ukingo wake wa mashariki uko baharini, mbele ya visiwa vya Kerimba, ambako sakafu ya bahari imezama ikafanya mfereji mrefu. Ni Bonde la Ufa lile lile la Naivasha na Manyara, ila hili limeshuka majini. Linapanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka. Kukua kwa kucha yako kunaliacha mbali.

Kuujua msongo unaelekea wapi kuna njia mbili kuu. Moja ni kusoma matetemeko yenyewe. Nyingine ni kutazama visima virefu vilivyochorongwa kutafuta gesi, na kwetu havikosekani tangu ugunduzi mkubwa wa 2010. Kisima kikichorongwa, mwamba unaokizunguka hukilemea, na kuta zake humeguka pande mbili zinazoelekeana. Chombo kinachoteremshwa kisimani hupiga picha ya mameguko hayo na kukwambia yako upande gani wa dira.

Hapo ndipo nilipoangukia. Kuta hazimeguki upande unaokandamizwa zaidi. Humeguka upande ulio mraba nao. Kwa hiyo ukisoma kwamba meguko liko mashariki na magharibi, msongo mkuu wa mlalo uko kaskazini na kusini. Unajumlisha nyuzi 90, basi. Ni somo la mwaka wa pili chuoni. Nami nilizichukua tarakimu za mameguko kama zilivyo, nikazimimina kwenye programu, ikanichorea mishale mizuri myekundu inayotoka baharini kuja nchi kavu. Na kwa kuwa picha za visima zilikuwa safi, mingi niliipa daraja A. Katika Ramani ya Msongo ya Dunia, mradi ulioanza mwaka 1986, daraja A maana yake mwelekeo haukosewi zaidi ya nyuzi 15. Mimi nilikosea 90, kosa kubwa kuliko yote yanayowezekana katika kazi hii.

Novemba 2019 nikaipeleka ramani Palma, upande wa Msumbiji. Tulikaa barazani, mkeka na viti vya plastiki, nikaibandika ukutani na kuanza kueleza kwa Kiswahili, maana Kireno changu cha kitabuni kingewachosha wazee. Nikasema nyufa nyingi za baharini kwetu zinakwenda kaskazini na kusini, na kwa kuwa zinasukumwa kutoka pande zote mbili, zimefungwa kama mlango uliowekewa komeo. Mzee mmoja mvuvi, kofia yake magotini, akauliza, "Mwanangu, na bahari ikirudi nyuma ghafla, tufanyeje?" Alikuwa ameisikia ile tsunami ya Desemba 2004, iliyotoka Sumatra ikafika hadi Dar es Salaam na kuua. Nikamjibu kwamba ile ilitoka mbali, na kwamba bahari ya mbele yetu haina nguvu hiyo. Nilimjibu kwa kujiamini, nikimwonyesha mishale kwa kalamu. Akaitikia, "Alhamdulillahi," akavaa kofia.

Nimeandika mengi juu ya nyuzi hapa, lakini kinachoninyima usingizi ni ile kofia.

Agosti 12, 2020, saa mbili usiku na ushei, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini, kusini mashariki ya Dar es Salaam. Nilikuwa Dar, ghorofa ya tatu. Tulishuka ngazi pamoja na majirani, wengine pekupeku. Kesho yake bosi wangu akanipigia simu: je, ramani yetu inalingana na matetemeko yaliyowahi kupimwa? Nikalitafuta lile la Mei 14, 1985, lililotokea baharini mbele ya Cabo Delgado, ukubwa wa takriban 6 nalo. Mpasuko wake ni wa ardhi inayovutwa mashariki na magharibi, hata upande mmoja ukateremka. Inavutwa, wala haibanwi. Mishale yangu na tetemeko lile havikai nyumba moja.

Nikamjibu bosi kwamba delta ya Ruvuma ina mambo yake. Tope lililotandazwa na mto kwa mamilioni ya miaka linateleza kuelekea kina kirefu kwa uzito wake lenyewe; huku ufukweni linachanika, kule mbele linajikunja, kwa hiyo msongo wa kisimani unaweza kutofautiana na ule wa mwamba wa chini kabisa. Hayo yote ni kweli. Ndiyo maana bosi aliridhika. Sikuwa nimekagua hata kisima kimoja kabla ya kumwambia.

Oktoba nilikuwa Mtwara kwa shangazi. Alikuwa akikanda unga wa chapati, akanipa donge nimsaidie kwa vile nilikaa tu. Nikalichoma kidole, likatoka tundu la duara. Nikalibana kwa viganja, kulia na kushoto. Tundu likawa jicho, na urefu wa jicho haukuelekea viganja vyangu. Ulielekea mbele na nyuma. Nilibana tena, polepole. Shangazi akasema, "Unachezea chakula." Nikanawa mikono, nikafungua kompyuta pale pale jikoni, nikautazama mstari wa hesabu. Nyuzi 90 hazikuwepo.

Kurekebisha kulinichukua chini ya saa moja. Mishale ikasimama kaskazini na kusini, karibu yote, na zile nyufa nilizosema zimewekewa komeo zikawa ndizo zilizo tayari zaidi kufunguka. Kisha nikaifunga faili, nikanyamaza miezi mitano. Nilijiambia nitakwenda Palma mwenyewe, uso kwa uso, kiangazi kikija. Nilijiambia barua si adabu. Ukweli ni kwamba niliona haya.

Machi 24, 2021, Palma ikashambuliwa. Watu wakakimbilia msituni, wakapanda majahazi, wakavuka Ruvuma, wakafika Pemba ya Msumbiji, na wengine Nangade na Mueda kwa miguu. Baraza lile likatawanyika. Ofisini nilikuja kukiri baadaye, ramani ikaondolewa, nami sikufukuzwa. Lakini waliokaa mkekani sijui nitawapata wapi, na nakala walizopewa hazina namba ya simu.

Basi nawaomba ninyi mlioko Mtwara, Pemba, Metuge, popote mlipotua: mkiiona kwa mtu ramani ya pwani yetu yenye mishale myekundu inayotoka baharini, ichaneni. Na yule mzee mvuvi, au mwanawe, au yeyote aliyelisikia jibu nililompa, mfikishieni hili: ukiwa ufukweni ardhi ikatikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, au maji yakirudi nyuma ghafla, usingoje kuambiwa. Acha chombo, acha nyavu, panda mahali pa juu.