Ameanza kuswali, ndiyo ameshabadilika?



Sisi watu wa cherehani tunasikia mengi. Biharusi akishasimama apimwe urefu wa gauni, mdomo hufunguka wenyewe, na swali tulilolisikia mara nyingi mwaka huu halihusu lesi wala rangi ya mtandio. Ni hili: mchumba wangu ameanza kuswali, je, ndiyo ameshabadilika? Wengine huliuliza kwa upande wa pili: kaka yangu haswali kabisa, ataachaje unga? Maswali mawili, mzizi mmoja. Je, ni lazima mtu awe na imani ndipo abadilike?

Wengi wetu hapa visiwani tungejibu ndiyo kabla swali halijaisha. Sisi tumelijadili sana, sindano mkononi, na jibu letu limekuwa refu kidogo.

Tuanze na lisilotufurahisha. Wapo wanaobadilika bila ya dini. Tunaye mteja wa Kizungu anayeishi Paje, hutuletea vitenge tumshonee magauni. Hana dini na hafichi. Alikuwa mlevi wa kuzimia, na sasa ni mwaka wa saba hajatia pombe mdomoni. Tulimuuliza kwa adabu nani aliyemsaidia. Akataja daktari wake, wenzake wanne wanaozungumza kwa simu kila wiki, na hofu ya kunyang'anywa mwanawe. Basi. Tumwambie hakubadilika? Kubadilika amebadilika. Na methadoni inayotolewa hapa kwetu Kidongo Chekundu tangu 2015 haimuulizi mgonjwa kama ameswali alfajiri. Anakunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi, mwili unatulia, arosto inamwachia, anapata akili ya kupanga maisha yake.

Sasa upande wetu, wenye imani. Mdogo wake mwenzetu mmoja hapa dukani alitumia unga kwa miaka sita. Mwenyewe ameturuhusu tuyaseme haya, mradi tusimtaje jina. Kijana huyu hakutoka nyumba isiyo na dini. Alilelewa chuoni, juzuu kadhaa anazo kichwani, na sauti yake ya kusoma Qur'ani huwaliza watu. Familia ilimpeleka kusomewa, Unguja na Pemba. Tusieleweke vibaya, kusomewa tunakuamini na sisi wenyewe tunasomeana. Lakini akirudi hukaa siku tatu, nne, kisha maskani ni ile ile, rafiki ni wale wale, na muuzaji wa kete anajua mlango wa kwao. Bangili mbili za dhahabu za mama yake zikaenda hivyo.

Kilichotuuma sisi si bangili. Jamaa walikuwa wakimwambia, "Wewe imani yako ndogo, ungekuwa na imani ungeacha." Dada yake anatuhadithia kwamba usiku wa arosto kijana alikuwa akigaragara sakafuni huku akimlilia Allah amtoe humo. Imani ilikuwepo. Aliyeambiwa hana imani akaona haya kuingia msikitini, na mwenye haya ya msikiti maskani humpokea kwa mikono miwili. Dada zetu, maneno hayo tuyaache. Yanaonekana kama nasaha, lakini humtoa mtu kwenye mlango pekee aliokuwa bado anaukumbuka.

Mwisho akapelekwa soba hausi. Hizi nyumba zetu za Zanzibar zinafuata hatua 12, na hatua hizo hazikuanzia kwa Waislamu. Zilitoka Marekani, kwa kikundi cha walevi kilichoanza 1935 katika mji wa Akron, Ohio, kwa watu wawili: Bill Wilson, aliyekuwa akishughulika na biashara ya hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Wenye madawa wakazichukua na kuunda chama chao huko California 1953. Ndani ya hatua hizo mtu hukubali kwamba peke yake hawezi, akajikabidhi kwa Mungu, na Mungu huyo kila mmoja ameachiwa amfahamu kwa namna yake, kwa kuwa tangu mwanzo kulikuwa na wanachama wasioamini. Wengine Marekani hawakuridhika hata na hilo, na tangu 1994 wana chama chao, SMART Recovery, kisichotaja Mungu kabisa. Nako watu wanaacha.

Hapa kwetu hatua hizo zimeingia zikavaa kanzu. Siku huanza kwa swala ya alfajiri, kisha usafi, kisha kikao. Kijana anasema kikao ndicho kilichomvunja. Kwa mara ya kwanza alikaa na watu waliotumia kama yeye, wakamsikiliza bila ya kumpigia kelele, na mmoja wao alikuwa na miaka minne hajagusa. Anasema, "Dada zangu, dua nilikuwa naomba siku zote. Nilichokuwa sina ni mtu wa kumpigia simu saa nane za usiku."

Maneno hayo tumeyageuza na kuyageuza. Kama imani peke yake ingetosha, mbona Masahaba pombe waliachishwa kwa hatua? Tulilisoma hili chuoni wengi wetu. Kwanza wakaelezwa katika Suratul Baqara kwamba madhara yake yamezidi manufaa yake. Kisha katika Suratun Nisaa wakakatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa, na kwa swala tano nafasi ya kulewa ikawa finyu. Ndipo likaja katazo lenyewe katika Suratul Maida, na pombe ikamwagwa katika njia za Madina. Watu wale imani yao hakuna wa kuifikia, na bado Mola wao aliwachukulia polepole. Sisi ni nani tumtake kijana wa Mwanakwerekwe aache kwa usiku mmoja?

Lakini upande wa pili nao usikilizwe. Bibi Aisha, Allah amridhie, amepokewa katika Bukhari akieleza kwamba yaliyotangulia kushuka ni habari za Pepo na Moto, na nyoyo zilipotulia ndipo halali na haramu zikafuata. Lau lingeanza katazo la pombe, watu wangekataa. Moyo ulitangulia. Kwa hiyo nasi hatusemi imani ni pambo la kuongezea mwisho kama shanga kwenye shela.

Tulipofika ni hapa. Kuacha tabia mbaya, mtu anaweza bila ya imani, na tukikataa tunasema uongo. Lakini toba ni kitu kingine. Wanazuoni wanatufundisha masharti yake: uache, ujute, uazimie kutorudi, na kama kuna haki ya mtu uirudishe. Mteja wetu wa Paje, ukimtazama, ameacha, amejuta, ameazimia, na watu aliowaumiza amewaomba radhi. Asichonacho ni Yule anayemfanyia yote hayo. Kwake hilo si pengo. Kwetu ndilo lenye uzito wote, maana sisi hatutaki kufika kaburini tukiwa wazima wa mwili tu. Tena tazameni vizuri masharti yenyewe: hakuna hata moja linalosema vaa kanzu, fuga ndevu, weka aya kwenye picha ya simu.

Na wavuta sigara wanatuchekesha kila Ramadhani. Saa 13 hazigusi, adhana ya magharibi haijamaliza kiberiti kishawaka. Uwezo upo na imani ipo, lakini nia ilikuwa ya kufunga, haikuwa ya kuacha.

Tunarudi kwako biharusi, unayetuuliza tukiwa na pini mdomoni. Akiswali, sema Alhamdulillahi na umuombee. Kisha tazama mengine. Anakaa na nani baada ya isha? Simu ya maskani bado inapokelewa? Akikasirika anafanya nini, akipata fedha ya ghafla zinakwenda wapi? Anaweza kukueleza mwenyewe alikopita, au kila ukigusa anakujibu kwa aya? Na kama alikuwa anajidunga, mwende mkapime damu kabla ya nikaha, Ukimwi na homa ya ini, nyote wawili. Hilo si kumkosea heshima, na mwanamume aliyetubu kweli hatokasirika. Tena usiolewe ili umtibu. Ndoa ina kazi zake nyingi tayari.

Yule ndugu wa mwenzetu naye ameposa. Biharusi wake ni mteja wetu, na yeye ndiye aliyetusukuma kuandika haya, maana aliuliza huku machozi yanamtoka juu ya lesi nyeupe. Hatukumwambia olewa wala usiolewe, hilo ni lake na walii wake. Tulimwambia tunachokijua kwa macho yetu: kila mwisho wa mwezi kijana hupita hapa dukani kumpa dada yake shilingi 20,000 za bangili za mama. Hajaruka mwezi hata mmoja tangu apate kazi ya kupaka rangi majahazi. Mama ameshasema amesamehe, asilipe tena. Yeye amekataa.

Harusi ilikuwa iwe Mfunguo Mosi. Aliyeomba isogezwe ni bwana harusi mwenyewe, anataka kwanza atimize mwaka mzima tangu atoke soba hausi. Upande wa mke wengine wamenuna, ukumbi umeshalipiwa nusu. Biharusi amekubali. Gauni limeshakwisha, bado vifungo tu, limo kabatini kwetu ndani ya mfuko wake, na deni lililobaki hatujamdai.