Meno na Masingizio

Katika viungo vyote vya mwanadamu, huenda hakuna kilichosingiziwa kuliko jino. Jicho likiuma, mtu hutibu jicho. Mguu ukivimba, hukandwa mguu. Lakini jino, hata likiwa zima, limeshitakiwa kwa misiba, kwa homa, kwa kuhara na kwa upofu. Milima ya Usambara inao ushahidi wa mashitaka hayo, na ushahidi huo ni wa zamani.

Mbega, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi, aliyetoka Nguu akapata enzi Vuga katika karne ya 18, alikuwa kigego. Neno hili, linalokumbusha gego, ni jina la mtoto aotaye meno ya juu kabla ya meno ya chini. Mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi, mlimani na hata pwani. Iliaminika kuwa akiachwa aishi, jamaa zake watakwisha mmoja baada ya mmoja. Kwa sababu hiyo vigego wengi waliuawa wangali wachanga. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichotolewa upya mwaka 1962 baada ya kupigwa chapa kwanza na wamisionari, asimulia jinsi Mbega alivyonusurika, lakini si kwa amani: jamaa zake walimwekea ukigego wake kuwa hoja, wakamnyima urithi, naye akashika njia na mbwa wake wa kuwinda. Wasambaa waliomkaribisha walimtazama kwa jicho jingine. Walimwona mtu hodari wa kuua nguruwe walioharibu mashamba, mkarimu wa nyama, na mwishoni mwuaji wa simba. Ni ajabu ya historia kwamba kiti cha Vuga kilikaliwa na mtu ambaye, lau hukumu ya meno ingalitimizwa, angalizikwa kabla ya kutafuna tonge.

Sasa yatazamwe meno yenyewe. Aghalabu meno mawili ya mbele ya chini hutokeza mtoto anapokaribia miezi 6, na ya juu hufuata kati ya mwezi wa 8 na wa 12. Kwa watoto wengine mpango huu hugeuka, nao hawana ugonjwa wowote. Basi imani ile iliishije vizazi vingi? Iliishi kwa sababu ilikuwa na mashahidi. Katika zama ambazo ndui, njaa na vita vilifagia nyumba nzima, hakuna mtoto aliyekua pasipo kufiwa. Kigego alipofiwa, watu walihesabu makaburi. Aliyeanza na meno ya chini alipofiwa vilevile, hakuna aliyehesabu. Uongo haukuwa katika macho ya wazee, maana makaburi yalikuwapo kweli. Uongo ulikuwa katika hesabu.

Kumwua kigego si desturi tena, bali hesabu ile haijafutwa. Tangu miaka ya 1980 pamesikika katika sehemu mbalimbali za Tanzania maradhi yaitwayo meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Mtoto wa miezi michache huharisha, hupata homa, hukataa ziwa. Bibi au jirani humfunua kinywa, akaona katika fizi, mahali pa chonge, vivimbe viwili vyeupe. Mgonjwa huyo hupelekwa kwa mganga, naye hupasua fizi kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli, akatoa kitu laini cheupe, akamwonyesha mama: “Hiki ndicho kilichokuwa kikimla mwanao.” Jambo hili halikuzuka Tanzania peke yake, Kenya, Uganda, Sudan na Ethiopia zimelijua pia.

Kitu kile ni nini? Ni chipukizi la jino la utoto ambalo halijakomaa, na ulaini wake ni wa haki yake. Kuhara nako kuna sababu zake. Umri ule ambao meno huota ndio mtoto anapoanza kutambaa na kutia mkononi na kinywani kila aokotacho, ndio anapoonjeshwa uji na maji, na ndio kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama yake inapopungua. Meno na maradhi huingia nyumbani kwa mlango mmoja siku zilezile, na mwenye nyumba hudhani wamekuja pamoja. Tena kuhara kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache. Mtoto akipona, sifa humwendea mganga.

Asipopona, gharama ni kubwa. Mama aishiye katika kijiji cha juu, mbali na hospitali ya Lushoto au ya Bumbuli, ana saa chache za kuamua. Mtoto mwenye kuhara huuawa na upungufu wa maji mwilini, na dawa yake ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, pamoja na ziwa la mama; mwenye kichomi au malaria ahitaji dawa upesi. Saa zile zikitumiwa kwa mganga, mtoto hurudi na ugonjwa wake uleule, na juu yake jeraha, damu iliyopotea, na hatari ya pepopunda au virusi vya UKIMWI vya chombo kilichotumiwa kwa mwingine. Mama huyo asitukanwe. Alikwenda kwa mapenzi, na alionyeshwa kitu kwa macho yake.

Wala mtu wa mlimani asidhaniwe kuwa peke yake. Mdudu alaye jino aliaminiwa Babeli, na Ulaya iliendelea kumwamini hata Pierre Fauchard wa Ufaransa alipomkataa katika kitabu chake cha mwaka 1728. Mwaka 1890 Willoughby Miller alieleza kuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho hugeuza sukari iliyobaki kinywani kuwa asidi, nayo hutoboa jino. Chai ya sukari nyingi inywewayo mara kwa mara kwa ajili ya baridi ya Lushoto yastahili kushukiwa kabla ya mdudu. Na jino lililouma wiki mbili kisha likanyamaza, ambalo mwenyewe hujisifu kuwa limepona, mara nyingi limekufa moyo wake, na usaha wafanya kazi chini kimyakimya.

Ama yule mtoto aliyetolewa “plastiki” akaishi, habari yake haikuishia siku ile. Chini ya chipukizi la chonge ya utoto hujengeka chonge ya ukubwani, nayo huweza kuguswa na spoku ileile. Miaka 9 au 12 baadaye, wenzake darasani wanapoota chonge zao, yeye hutoa jino lililopinda, au lenye madoa na mashimo, au pengo lisilojazwa. Na akiulizwa alianguka wapi, hana la kujibu, maana hakuna aliyemwambia.