Kutoka Wodi Si Kupona

Wasee, mnajua zile picha tunaweka WhatsApp mzazi akiruhusiwa kutoka hospitali. Leso mabegani, maua, "Mungu ni mwema". Ya mathe niliweka na sijutii. Lakini wiki ya pili hakuna mtu huweka picha, na kwa moyo uliochoka hizo wiki za kwanza nyumbani ndizo hatari. Wengi hurudishwa wodi hapo hapo.

Mathe moyo wake hausukumi damu vizuri. Tulitoka na mfuko wa dawa na karatasi ya tarehe ya kliniki: miezi miwili mbele! Mgonjwa kama huyu anafaa kuonekana ndani ya wiki moja au mbili. Hiyo imenikera mpaka leo.

Asubuhi moja mashine ikasoma 98 kwa 62. Anti yangu, ambaye hajawahi kukosa maoni, akasema, "Presha imeshuka, hizo dawa aache. Na mumwekee chumvi apate nguvu."

Anti nampenda, lakini zii. Kwa moyo dhaifu, zile dawa hazipewi tu kwa sababu presha iko juu. Zingine zinaupunguzia moyo mzigo, na ndizo zinamwongezea mtu miaka. Kwa hivyo 98, kama anatembea na kuongea poa, inaweza kuwa sawa kabisa. Hiyo hiyo 98 ikija na kizunguzungu, mikono baridi na mkojo kidogo, huenda moyo unalemewa, na hapo ni kukimbia hospitali. Namba ni moja, habari ni mbili. Chumvi nayo inavuta maji mwilini, moyo unazidi kubebeshwa.

Nikapigia nesi wa kliniki. Hata hakuanza na presha. Akauliza: anasimama bila kuyumba? Miguu imevimba? Analala na mito mingapi? Amepimwa uzito leo? Uzito! Kumbe akiongeza zaidi ya kilo mbili kwa siku tatu, hayo si mafuta, ni maji yanajaa. Mbona hatukuambiwa hivyo tukiwa wodi? Ni maneno ya dakika tano.

Dawa hatukuacha. Sasa kuna daftari juu ya friji: presha akiwa amekaa ametulia dakika tano bila kupiga stori, uzito kabla ya chai. Jana ilikuwa 104, kilo 71. Vita imebaki ya jikoni. Mathe anasema sukuma bila Royco ni chakula cha ng'ombe.