Magamba ya Mpanda: Madini ya Risasi, Petroli na Hedi ya Gari Kongwe

Msafiri aendaye Mpanda kwa reli huacha Reli ya Kati pale Kaliua, akaingia tawi linalokata misitu ya miombo kwa kilomita 210, mpaka mahali reli inapokoma. Mbele ya Mpanda hakuna stesheni nyingine. Tawi hilo lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na sababu yake kubwa haikuwa abiria. Ilikuwa madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, watu wakabaki, na mwaka 2012 Mpanda ukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi.

Magamba ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Mpanda. Nyumba zake nyingi ni za matofali ya kuchoma, mabati yake yamechukua rangi ya vumbi jekundu, na mashamba ya mahindi hayako mbali na milango ya watu. Mgeni anayetafuta majengo ya fahari atapita bila kusimama. Sisi, wajumbe watatu wa kamati ya msikiti, tulikuwa na sababu ya kusimama. Chini ya mwembe mkubwa kuna gereji isiyo na kibao, na ndani ya uzio wake wa mabati lilikuwa limelazwa gari letu, boneti wazi, injini bila kichwa.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya petroli, toleo la tatu, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Injini yake ni ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Wapo wazungu waliozigeuza gari za namna hii kuwa nyumba za safari. Kampuni ya Martin Walter ya mji wa Folkestone ilikuwa ikizifunga paa la kuinuka na vitanda tangu miaka ya 1960, zikajulikana kwa jina la Dormobile. Letu halikupitia Folkestone. Seremala wa Mpanda ndiye aliyetia vitanda viwili vya mbao ya mninga, sanduku la vyombo, pipa la maji ya udhu na rafu ya misahafu. Kwa miaka mingi limekuwa nyumba ya walimu wanaokwenda kufundisha vijijini, mahali pasipo na nyumba ya wageni. Mwalimu hufundisha mchana, usiku hulala ndani yake, asubuhi huendelea. Mara kadhaa limebeba mama mjamzito kumpeleka hospitali, na mara nyingine limebeba jeneza.

Kwa hiyo gari lilipoanza kukosa nguvu, kisha kuchemsha, kisha kukataa kuwaka kabisa, jambo halikuwa dogo. Gari hilo ni wakfu. Aliyelitoa amekwisha kutangulia mbele ya haki, na sisi tuliobaki ni wenye kushika amana. Katika kikao cha kamati yalitolewa mawazo matatu. La kwanza, liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. La pili, injini itolewe, ifungwe nyingine ya dizeli. La tatu, injini ifunguliwe, tujue ugonjwa kabla ya kuzungumza habari ya mazishi. Wazo la tatu ndilo lililopita, nalo ndilo lililotupeleka Magamba.

Fundi wa pale ni mzee wa makamo ya baba zetu, mpole wa maneno. Tulipomwamkia shikamoo, aliitikia, akatuonyesha bati alilolitandika chini na kusema, "Karibuni, Ustadhi. Mgonjwa wenu huyu hapa, tazameni wenyewe." Juu ya bati palikuwa na silinda hedi, yaani kile kipande kizito cha chuma kinachokaa juu ya silinda na kuzifunika. Ndani yake zimo valvu. Nusu yake hufungua njia ya hewa na petroli kuingia, na nusu hufungua njia ya moshi kutoka. Kila valvu ikijifunga hukaa juu ya kiti chake, na isipokaa sawasawa nguvu ya mlipuko huvuja na injini hudhoofika.

Viti vya valvu za moshi vilikuwa vimezama. Valvu ilikuwa imeingia ndani ya chuma kupita kiasi, kama mchi uliotoboa kinu. Hapo ndipo mzee aliposema neno lililotushangaza: "Gari hili linaililia risasi."

Maana yake ni hii. Mwezi Desemba 1921, katika maabara ya kampuni ya General Motors nchini Marekani, Thomas Midgley aligundua kwamba mchanganyiko wenye madini ya risasi ukitiwa katika petroli huzuia injini kugonga. Petroli hiyo ikaanza kuuzwa mwaka 1923. Risasi ilikuwa na faida ya pili: ilipoungua iliacha utando mwembamba juu ya viti vya valvu za moshi, ukawa kama mto kati ya chuma na chuma. Petroli isipokuwa na risasi, valvu yenye moto mkali hugongana na kiti kilicho laini, chembe za chuma huyeyuka na kugandana, kisha hung'oka kidogo kidogo. Kiti huliwa, valvu huzama, na nafasi iliyowekwa juu yake hupotea, mpaka valvu hushindwa kujifunga. Injini nyingi zilizoundwa zamani zilitegemea mto huo. Na sisi tuliambiwa habari hiyo katika wilaya iliyopata reli yake kwa sababu ya madini yayo hayo.

Je, kuondolewa kwa risasi kulikuwa kosa? Hasha. Risasi ni sumu, na mwenye kudhurika zaidi ni mtoto, kwa kuwa hushambulia ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Hatari ilionekana mapema: mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu hiyo walipokuwa wakiitengeneza dawa hiyo ya petroli. Hata hivyo dunia iliendelea kuichoma kwa karibu miaka mia moja. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimeiacha. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ya barabarani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Gari moja kongwe kuumwa valvu ni gharama ndogo sana mbele ya akili za watoto. Kinachotakiwa ni kulitibu gari.

Ugonjwa wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Mzee aliipaka hedi mafuta ya taa, akasubiri, akaifuta ikakauka, kisha akainyunyizia unga wa chaki. Baada ya dakika chache mstari mwembamba wa unyevu ulijichora wenyewe juu ya weupe, kutoka kiti kimoja mpaka cha pili. Huo ulikuwa ufa. Mafuta yalikuwa yamejificha ndani yake, na chaki ikayavuta nje. Chuma cha namna hiyo huchomelewa kwa shida, na mara nyingi hupasuka tena. Ikabidi tutafute hedi nyingine.

Mji ulitupatia mbili, zote zimetoka katika magari yaliyokwisha kufa. Ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi, inang'aa, na bei yake ilikaribia mara mbili ya mwenzake. Ilikuwa ya mgandamizo wa nane kwa moja, wenye nguvu zaidi. Ya pili ilikuwa na kutu na masizi, ya mgandamizo wa saba kwa moja, uliokusudiwa nchi zenye petroli hafifu. Mmoja wetu aliitamani ya kwanza papo hapo, na hoja yake haikuwa mbaya, maana petroli ya leo ni bora kuliko ya zamani na injini ingepata nguvu ya kupanda milima. Mzee hakubishana naye. Aliomba ruhusa ya mwenye mali, akakwangua rangi, akarudia mafuta ya taa na chaki. Mstari ukajichora. Ile yenye kutu ikafanyiwa vivyo hivyo, ikabaki nyeupe.

Hatukumtuhumu muuzaji, kwa sababu naye aliinunua ikiwa imekwisha kupakwa, na aliposhuhudia ufa aliiondoa mezani mwenyewe. Lakini ikumbukwe kwamba dini yetu imemkataza muuzaji kuficha aibu ya bidhaa, na rangi ni pazia. Naye mnunuzi anayeshika fedha za watu hana udhuru wa kununua kwa macho pekee wakati kipimo kinapatikana kwa kibaba cha mafuta ya taa.

Hedi iliyochaguliwa ilipelekwa Tabora, penye mashine. Huko viti vya moshi vilichongwa vikapanuliwa, na ndani yake zikapigwa pete za chuma kigumu, ambazo haziihitaji risasi. Uso wa chini ulisawazishwa, maana hedi iliyowahi kuchemka hupinda, na gasketi haiwezi kuziba pengo la chuma kilichopinda. Iliporudi Magamba, mzee alisaga kila valvu juu ya kiti chake kwa mkono, akamwaga petroli katika matundu na kuangalia kama inavuja. Akafunga bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, akitumia spana yenye kipimo, kwa kuwa anayekaza upande mmoja kwanza huipinda hedi kwa mkono wake. Mwisho aliweka nafasi ya robo milimita juu ya kila valvu.

Kisha akalifungua rejeta. Lilikuwa limejaa kutu na chumvi ya maji ya kisima, na hiyo ndiyo asili ya kuchemka na ya ufa. "Mkibadili hedi na kuliacha rejeta," alisema, "mmemfunga bandeji mtu ambaye bado anapigwa." Tulinunua rejeta safi na dawa ya kuchanganya na maji.

Kwa familia zenye gari kuukuu, na hapa Katavi ni nyingi, yafaa yahifadhiwe haya. Gari likichemsha, simama. Usilisukume mpaka nyumbani. Usifungue mfuniko wa rejeta likiwa la moto. Mafuta ya injini yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiwashe tena. Na maji yakipungua kila siku bila kuonekana yanakovujia, muone fundi kabla ya safari, si baada yake.

Lipo na la watoto. Petroli imetakaswa, lakini risasi haijatoka majumbani mwetu. Imo ndani ya betri za magari, na wapo wanaozivunja uani na kuyeyusha risasi yake jikoni ili watengeneze vizito vya nyavu. Moshi wake na vumbi lake huingia mwilini mwa mtoto atambaaye. Betri iliyokufa irudishwe kwa muuzaji, isivunjwe nyumbani. Na baba anayefanya kazi gereji abadili nguo na kunawa kabla ya kumbeba mwanawe.

Gari sasa linatembea. Halina haraka, mgandamizo wa saba kwa moja hauruhusu mbio, na mlimani hupitwa na pikipiki. Safari yake ya kwanza ilikuwa kuelekea Katumba, makazi yaliyofunguliwa mapema miaka ya 1970 kwa wakimbizi wa Burundi, ambako wengi wao leo ni raia wenzetu. Walimu wawili walilala ndani yake siku tatu, na rejeta haikuongezwa maji hata mara moja. Mhazini ameandika kila shilingi katika daftari, pamoja na bei ya hedi ile yenye kutu, na daftari liko msikitini kwa yeyote apendaye kulisoma baada ya sala ya Ijumaa.