Mtoto akilia kwenye filamu, usikimbilie kuzima

WAZAZI wengi wakimwona mtoto analia mbele ya filamu, jambo la kwanza ni kuzima. Wengine hucheka na kumwambia, "Hayo ni maigizo tu." Lakini mara nyingi kinachomliza mtoto si picha peke yake. Ni muziki unaopita chini ya picha, ambao watu wazima tumeuzoea hadi hatuusikii.

Mama mmoja wa Kasekese, mkoani Katavi, alilijua hilo kupitia mwanawe wa miaka minane. Baba wa mtoto huyo alifariki mwaka uliotangulia. Msibani aliambiwa mara nyingi kwamba mtoto wa kiume halii, naye akatii. Tangu siku hiyo hakuwahi kumtaja baba yake.

Jioni moja alikuwa akitazama kwenye simu ya mama katuni ya The Lion King, filamu ya mwaka 1994. Ilikuwa ya Kiingereza, hakuelewa mazungumzo, ukiacha majina kama Simba, Rafiki na Pumbaa yaliyotoka kwenye Kiswahili. Ilipofika pale nyumbu wanapotimua mbio na Mufasa, baba yake Simba, anakufa, mtoto akaanza kulia kwa kwikwi. Mama akanyoosha mkono achukue simu.

"Dada, mwache amalize," kaka yake akamzuia. Huyu ni mwalimu wa kwaya kanisani.

Filamu ilipoisha, mtoto akauliza, "Mjomba, mbona ule muziki ulikimbia halafu ukatembea?"

Mjomba akagonga meza kwa vidole, harakaharaka. Huo ni mwendo wa nyumbu, akasema; muziki unakwenda mbio kama moyo wa mtu anayekimbizwa. Kisha akagonga pigo moja, akasubiri, akagonga jingine. Vumbi likishatulia, muziki unapunguza mwendo, sauti zinakuwa ndefu, na moyo wa msikilizaji unapata nafasi ya kuelewa kilichotokea.

Mwendo ni nusu ya siri. Nusu nyingine ni ki. Kwa wanakwaya wanaosoma do, re, mi, ki ya meja hupumzikia kwenye do na husikika yenye mwanga; ya maina hupumzikia kwenye la na husikika nzito. Ndiyo maana wengi hudhani huzuni lazima iwe maina. Si lazima. Wanamuziki wengi husikia katika sehemu ile ya msiba mwangwi wa Ave Verum Corpus, wimbo wa Mozart wa mwaka 1791 unaoimbwa na kwaya za Kikatoliki. Wimbo huo uko kwenye D meja, ila huimbwa taratibu sana. Meja ikienda polepole haichezeshi mtu, inambembeleza.

Aliyetunga muziki wa filamu hiyo, Hans Zimmer wa Ujerumani, alifiwa na baba yake akiwa mtoto mdogo, na amewahi kueleza kwamba kazi hii ilimrudisha kwenye msiba huo. Muziki huo ulimpatia tuzo ya Oscar mwaka 1995.

Mjomba alipomsimulia hayo, mtoto alikaa kimya kidogo. "Kwa hiyo na yeye alikuwa analia?"

"Alikuwa analia, mjomba. Ila alilia kwa muziki."

Ndipo mtoto akasema kwamba baba alikuwa akimpakia kwenye baiskeli kwenda shambani, huku akipiga mluzi. Akajaribu kuupiga, midomo ikakataa. Mama akalia, safari hii bila kujificha chumbani.

Mzazi hahitaji kujua okestra ili kufanya alichofanya mjomba huyu. Kaa na mtoto mtazame pamoja. Muulize muziki unakimbia au unatembea, unang'aa au umefunga wingu. Mtoto asiyeweza kusema "nina huzuni" anaweza kusema "muziki ule ni mzito", na hapo mlango umefunguka. Akikaa kimya, usimsukume. Akiogopa sana, au akikosa usingizi, simamisha na umkumbatie. Lakini akilia tu, mwache alie. Machozi yake hayahitaji kuzimwa. Yanahitaji mtu wa kukaa naye mpaka wimbo uishe.