Tovuti Isiyo na Neno "Sare"

Dada yangu hushona sare za shule mtaani Kayole, na karo ya wanawe wawili hutoka katika cherehani hiyo. Mwaka jana alitengenezewa tovuti maridadi ajabu. Miezi ikapita bila mteja hata mmoja kupitia huko. Ndipo akazuka kijana aliyetaka shilingi 30,000 ili aifikishe nafasi ya kwanza kwenye Google.

Nilimsihi dada azishike pesa zake. Kijana huyo alikusudia kuorodhesha maneno mia moja pahali ambapo msomaji hapaoni, kisha anunue viungo kutoka tovuti nyingine. Orodha ya aina hiyo, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Viungo vya kununua navyo inavikataza, na mwaka 2012 ilizindua mfumo uitwao Penguin kupambana na hila hizo.

Jioni moja tuliisoma tovuti yenyewe. Kichwa chake: "Mitindo ya Kifahari". Ndugu msomaji, mzazi gani huandika hivyo mwezi wa Januari akitafuta sweta ya mtoto? Neno "sare" halikuwamo. "Kayole" pia halikuwamo. Zilijaa picha tu, tena nzito, na mzazi mwenye bando la kuhesabu hangoji zifunguke.

Tukaandika upya: sare za shule, Kayole, bei ya kila sweta, siku za kungoja. Picha tukazipunguza.

Wiki ya sita simu ililia. Alikuwa mama wa Komarock, akitaka sweta 3 za kijani.