Sira, Shinikizo na Ugwadu

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anahudumu katika hoteli moja ya Dodoma, aliniletea hapa Nsemulwa orodha ya vinywaji ili niisahihishe. Mbele ya jina Muscadet alikuwa ameandika: “mvinyo mweupe mkavu, krispi.” Nilimuuliza kinachomiminika kinakuwaje kikavu, akacheka. “Basi, Mwalimu, nipe neno.”

Neno lipo. Nashikilia kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kinywaji hiki, ila tumeuacha kanisani. Divai yenyewe imetokana na “du vin” ya Kifaransa, lugha iliyosikika mapema katika mkoa wetu: Wamisionari wa Afrika, shirika la Kadinali Lavigerie, walifika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Na msomaji wa Biblia anayajua shinikizo, mahali pa kukamulia zabibu, na sira, masimbi yanayotuama chini ya divai.

Tuyatie maneno hayo kazini. Muscadet hutengenezwa karibu na jiji la Nantes, mahali Mto Loire unapokaribia Atlantiki. Zabibu yake huitwa Melon de Bourgogne. Ilienea huko baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua mizabibu mingine. Zabibu hupelekwa shinikizoni mapema, na maji yake hutengwa na maganda kabla ya kuchachuka. Hapo ndipo divai nyeupe inapoachana na nyekundu, kwa maana maganda ndiyo yanayoleta ukakasi, ule unaokaza ulimi kama ndizi mbichi. Kisha chachu huula utamu karibu wote. Huo ndio “ukavu” wa watafsiri. Mimi ningesema divai iliyokwisha utamu.

Iliyo bora haiondolewi haraka juu ya sira zake. Hulala nazo majira yote ya baridi, na kwa kanuni haitiwi chupani kabla ya Machi. Sira huipa unono kidogo, na hewa iliyonaswa humo huchoma ncha ya ulimi kwa mbali sana.

Sasa hilo “krispi.” Wengi wangekimbilia uchachu, nami nakataa. Kilichochacha kimebadilika, mara nyingi kimeharibika: maharage ya jana yamechacha. Ladha ya Muscadet haikuletwa na chachu wala na siku kupita. Ilikuwamo katika tunda tangu mtini, kama ilivyo katika embe bichi, ukwaju na ubuyu. Huo ni ugwadu. Wapika wanzuki wa Mpanda wangenielewa upesi, kwa kuwa asali haina ugwadu wa tunda: utamu ukiisha kuliwa na chachu, kinachotawala kinywani ni ukali wa kileo. Ukali, uchungu, ukakasi, uchachu, ugwadu: mshairi anayeyachanganya haya matano ili apate kina (nimewaona) hajaonja anachokisema.

Ugwadu huo ni mali inayopotea kwa joto, maana jua kali huunguza asidi ndani ya zabibu. Ndiyo sababu ya Dodoma kuwa na Chenin Blanc, zabibu nyingine ya Loire, ya huko juu Anjou, inayosifika kwa kuushika ugwadu wake hata penye joto. Orodha ya kijana wangu ilikuwa nayo pia, nayo ilikuwa imeandikwa “krispi” vilevile. Tuliandika zote mbili: “divai nyeupe, imekwisha utamu, ina ugwadu safi.” Meneja wake, naambiwa, amelirudisha “kavu,” na ugwadu ameuacha.

Limebaki jambo moja. Watu wa Nantes huinywa Muscadet kwa chaza, na wajuzi husema ina kitu kama chumvi mwishoni, baada ya kumeza. Nyinyi wa Pwani, mliozoea kukamulia chaza ndimu, ladha hiyo inayobaki kooni mnaiitaje?